Fidia Ipangwe Kabla Fundi Hajapanda Juu ya Paa

Hotuba kwa wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa Nyamagana na Ilemela, jijini Mwanza

Mwangaluka!

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, watendaji, wazee wetu, akina mama mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje kutusikiliza, wenye nyumba, wapangaji na mafundi: tunawashukuru kwa kuja.

Tumeombwa tuzungumzie jambo linalozua maneno kila kiangazi kinapoingia. Masika yakishakatika, kuanzia mwezi wa sita hivi, mwenye nyumba hupata nafasi ya kutengeneza paa lililovuja tangu Novemba. Fundi anakuja, anaezua. Mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita anaambiwa asubuhi hiyo hiyo atoe vitu. Kazi iliyosemwa ni ya siku tatu inafika siku kumi na moja. Huyu kalala kwa shemeji, yule kala hotelini wiki nzima, godoro limelowa, na kazi ikiisha kila mmoja ana hesabu yake kichwani. Hesabu hizo mbili hazikutani kamwe.

Hoja yetu leo ni moja. Fidia ya mpangaji ikokotolewe, iandikwe na kusainiwa kabla kazi haijaanza. Tunalisisitiza hili hasa kwa sababu hapa kwetu kodi hulipwa mbele, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Mpangaji angekuwa analipa mwisho wa mwezi, angejadiliana akiwa bado na hela yake mkononi. Kwetu hela imeshaenda: imelipa ada ya shule, au ndiyo hiyo hiyo iliyonunua mabati. Kazi ikishaisha mpangaji hana cha kushikilia, na mwenye nyumba, hata akiwa na moyo mzuri, mara nyingi hana cha kurudisha.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilishafutwa. Leo msingi wetu ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113. Kifungu cha 88 kinaweka ndani ya kila mkataba wa pango ahadi za mwenye nyumba, hata kama hazikuandikwa. Ahadi ya kwanza ni kwamba mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa. Nyingine ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa kwa binadamu kuishi, na iendelee kufaa. Pale unapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni mzigo wako wewe mwenye nyumba. Kisha kuna ahadi ambayo wapangaji wengi hawajawahi kuisikia: nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa yote au sehemu yake, kodi yote au sehemu yake ya haki inasimama mpaka nyumba ifae tena. Miezi sita ikipita haijatengenezwa, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja.

Msikilize maneno hayo, sehemu ya haki. Sheria haikutaja asilimia. Haikusema choo kikifungwa ni kiasi gani, jiko likivunjwa ni kiasi gani. Imewaachia nyinyi wawili mpatane, na msipopatana mtapelekana mbele ya watu wawapatanishe. Mpangaji naye ana ahadi zake: anapaswa kumruhusu mwenye nyumba au fundi wake kuingia kukagua na kutengeneza kwa wakati unaofaa, baada ya kupewa taarifa. Kwa hiyo mpangaji anayefunga mlango kwa kufuli na kusafiri kwenda Sengerema siku ya kazi, wakati alishaarifiwa, siku hizo asizidai.

Tuje kwenye hesabu, maana huko ndiko watu wanakoumizana.

Fidia ina mafungu matatu, na kosa kubwa ni kuyachanganya. Fungu la kwanza ni kodi ya siku ambazo hukuitumia nyumba, au sehemu yake. La pili ni gharama zilizotoka mfukoni kwa sababu ya kazi: gesti, maji ya kununua, guta la kuhamisha vitu. La tatu ni mali iliyoharibika au kupotea. Kila fungu lina namna yake ya kukokotolewa na wakati wake wa kulipwa. Mwenye nyumba akikwambia "nitakufikiria", muulize anafikiria fungu lipi.

Fungu la kwanza. Chukua kodi ya mwezi, gawanya kwa 30, upate kodi ya siku. Zidisha kwa siku za kazi, kisha zidisha kwa sehemu ya nyumba iliyokosekana. Sehemu hiyo ndiyo yenye ubishi, kwa hiyo tunapendekeza muanze na maswali mawili. Je, watu wanaweza kulala humo salama? Je, wanaweza kwenda chooni usiku bila kutoka nje ya uwanja? Mojawapo likiwa na jibu la hapana, hesabu kodi ya siku hiyo yote, kwa sababu nyumba hiyo kwa siku hiyo si makazi. Majibu yote yakiwa ndiyo, shukeni chini: choo cha ndani kimefungwa lakini kipo cha nje kinachofungika, asilimia 30; jiko halitumiki, robo; chumba kimoja kati ya vitatu kimefungwa, theluthi; umeme umekatwa mchana tu, asilimia 10, na ukikatwa mpaka usiku, robo; vumbi na kelele huku vyumba vyote vinatumika, asilimia 5 mpaka 10. Viwango hivi ni vyetu, ni vya kuanzia mazungumzo. Mkikubaliana vingine, andikeni vyenu.

Tuseme nyumba ya Buhongwa inapangishwa kwa shilingi 240,000 kwa mwezi. Kodi ya siku ni 8,000. Choo cha ndani kinajengwa upya siku 12, na cha nje kipo. Asilimia 30 ya 8,000 ni 2,400, mara 12 ni 28,800. Ndani ya siku hizo jiko nalo linavunjwa siku 5: robo ya 8,000 ni 2,000, mara 5 ni 10,000. Jumla 38,800, ambayo ni karibu kodi ya siku tano. Mwenye nyumba asiye na fedha taslimu anaweza kuilipa kwa kusogeza mbele tarehe ya kodi inayofuata kwa siku hizo tano. Kwa fungu hili la kwanza, njia hiyo ni ya haki na inatosha.

Sasa chukueni chumba kimoja kule Mabatini, kodi 45,000. Kwa siku ni 1,500. Paa limeezuliwa siku nne, kodi yote inasimama: 6,000. Mwenye nyumba anatoa 6,000 na kudhani amemaliza. Lakini yule mama na watoto wake wawili wamelala wapi siku nne? Gesti ya 15,000 kwa usiku ni 60,000. Hapa ndipo fungu la pili linapolizidi la kwanza mara kumi. Kadiri kodi inavyokuwa ndogo, ndivyo punguzo la kodi peke yake linavyomwonea mpangaji, na wapangaji wa vyumba vya bei ya chini ndio wengi katika jiji hili. Tunaomba wenye nyumba mlitazame hili kwa jicho la huruma.

Kanuni ya fungu la pili ni kwamba mpangaji asitoe kwa sababu ya ukarabati hata senti ambayo angebaki nayo kama ukarabati usingekuwepo. Ukimlipia gesti yote, basi kodi ya chumba chake iendelee kuhesabiwa, kwa sababu umemlaza mahali pengine kwa gharama yako. Akienda kwa ndugu, simamisha kodi ya siku hizo na umpe nauli pamoja na mchango mtakaopatana, maana hakuna anayekwenda kwa ndugu na watoto wawili mikono mitupu. Asidai vyote viwili, gesti kamili na kodi kusimama. Hiyo ni kulipwa mara mbili kwa usiku mmoja.

Fedha za fungu hili zilipwe mbele, angalau za siku mbili za kwanza, kwa simu, ili ujumbe ubaki. Kuongezewa siku mwishoni mwa mkataba hakumsaidii mtu anayetafuta pa kulala leo jioni. Na mpangaji anayehama mwezi ujao, siku za nyongeza hazimfai kabisa. Huyo apewe taslimu kwa mafungu yote.

Maji nayo yaingie kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linataja lita 20 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini cha kunywa, kupika na usafi wa mwili. Familia ya watu watano ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20. Bomba likifungwa na mchota maji anapandisha dumu mlimani kwa, tuseme, shilingi 300, hiyo ni 1,500 kwa siku. Wenye nyumba wa Igogo, Isamilo na milima ya Mabatini, mnajua dumu linavyozidi bei kila hatua linavyopanda kati ya mawe. Njia nafuu ni kuweka tangi la lita 500 uwanjani siku moja kabla MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, au fundi wako hajafunga koki. Hilo ukilifanya, kipengele hiki cha fidia kinafutika.

Kuna wizi mdogo unaofanyika bila mtu kukusudia. Fundi anachomeka grenda na mashine ya kuchomelea kwenye soketi ya mpangaji, uniti za LUKU za mpangaji zinakatika. Kifaa cha kilowati 2 kikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa tano kinakula uniti 10. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unahitaji lita 25 mpaka 30 za maji kuchanganyia. Mifuko 20 ni lita 500 mpaka 600, bado hujamwagilia zege. Maji hayo yakipita kwenye mita ya mpangaji, bili inakuja kwake. Dawa ni rahisi. Siku ya kwanza asubuhi pigeni picha namba za mita ya umeme na ya maji, siku ya mwisho jioni pigeni tena. Toeni wastani wa matumizi ya kawaida, kinachozidi ni cha mwenye nyumba. Afadhali zaidi mwenye nyumba anunue uniti za kazi kabla, amtumie mpangaji tokeni.

Kuna wafanyabiashara wanaotegemea umeme wa nyumbani. Kirumba wapo wanaotunza sangara na sato kwenye friza nyumbani. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, huhifadhi ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida, saa 4 tu. Kwa hiyo kazi ya umeme ya mchana mmoja haiharibu friza iliyofungwa, na mpangaji asidai samaki walioharibika kama alikuwa anafungua kila saa kuuza. Kazi ya siku tatu ni jambo jingine. Hapo mwenye nyumba anunue barafu pale soko la samaki la Mwaloni na kukodi sehemu kwenye friza ya jirani, na bei hiyo iandikwe kabla fundi hajazima meinswichi. Fundi huyo awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waya zikiunguza vitu vya mpangaji baada ya kazi, swali la kwanza mtakaloulizwa ni nani aliyezifunga.

Kwenye fremu za maduka, jukwaa la fundi rangi likiziba mlango, mwenye duka hukosa mauzo. Hapa fidia ihesabiwe kwa faida, mauzo yaachwe pembeni. Duka linaloingiza 80,000 kwa siku na kubakiza 15,000, hasara yake ya siku ni 15,000 likifungwa kabisa, na chini ya hapo likifunguliwa nusu. Ushahidi ni daftari na risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inaonekana wazi, kwa sababu asiye na daftari hulipwa kwa kukisiwa. Mama anayekaanga chapati barazani ni mfanyabiashara pia. Siku baraza linapovunjwa, hesabu ya unga na mafuta ya wiki iliyopita inatosha kuonyesha anachobakiza.

Mafundi, sasa tuje kwenu. Fidia hukua kwa sababu siku zinazidi, na siku huzidi kwa sababu zinazojulikana.

Ya kwanza ni zege. Saruji hukomaa kwa kuungana na maji, haikomai kwa kukaushwa na jua. Sakafu mpya ya choo inataka kumwagiliwa siku 7. Mfuniko wa shimo la choo usibebe uzito kabla ya siku 14, na nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Lipu mpya ya ukutani nayo ipewe wiki kadhaa kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo rangi itavimba na kubanduka, na mtarudi kumsumbua mpangaji yule yule. Marumaru zikishabandikwa zisikanyagwe kwa saa 24, ndipo mjaze mistari. Jumlisheni wenyewe: siku moja kuvunja, moja mabomba, moja zege, saba kumwagilia, moja marumaru, moja kungoja na kujaza mistari. Hizo ni 12. Kwa nini basi mpangaji aliambiwa siku nne? Aliambiwa siku nne kwa sababu fundi alihesabu siku zake za kufanya kazi na kuziacha siku za zege kukomaa. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mwambieni mpangaji siku zote, ajipange.

Ya pili ni paa. Kabla ya kutaja tarehe, panda darini na tochi, choma kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba mabati, kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, mbao imeliwa na mchwa au imeoza, na kazi yako haitakuwa ya kubadili mabati tu. Kenchi zikiwa nzima, na mabati, misumari na kofia za paa vikiwa vimeshafika uwanjani, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati inaweza kuezuliwa upande mmoja asubuhi na kuezekwa kabla ya jioni, kesho upande wa pili. Wapangaji wanalala kwao usiku wote. Fidia inabaki ya vumbi tu. Kenchi zikiwa mbovu, gawanya kazi vyumba viwili viwili na uwe na turubai linalofunika eneo lote lililo wazi. Ngurumo nyingi za ziwani hujengeka usiku, hata miezi ambayo mchana ni mkavu. Usiezue kipande usichoweza kukifunika kabla giza halijaingia. Godoro moja lililolowa linaweza kuzidi fidia yote mliyoipanga.

Ya tatu ni mlima wenyewe. Huku kwenye mawe gari la mchanga linamwaga barabarani, na vitu vinapanda kichwani. Fundi aliyezoea tambarare za Nyakato anasahau kuhesabu siku za kupandisha. Matokeo yake mchanga na kokoto vinakaa kwenye kinjia ambacho kaya nne zinapita, na mtoto anateleza usiku. Wekeni kipimo: vipandishwe vifaa vya siku mbili tu za kazi, na kinjia kibaki na upana wa watu wawili kupishana. Kaya za jirani zinazopita hapo si wapangaji wako, lakini mtu akivunjika mguu juu ya kokoto zako, kesi ni yako.

Na hapo hapo kwenye mlima, ukuta wa kuzuia udongo ukibomoka nyuma ya chumba, msiujenge bila matundu ya kutoa maji na kokoto nyuma yake. Ukuta usio na matundu hubeba maji yote ya mvua mgongoni, na masika yajayo utaanguka tena, pengine juu ya kitanda. Wakati ukuta huo uko chini, chumba kilicho nyuma yake kihesabiwe hakifai kulala, hata kama kuta zake zote zimesimama.

Mwenye nyumba, mlipe fundi kwa awamu. Nunua vifaa mwenyewe, gawanya fedha ya ufundi mara tatu, na awamu ya mwisho isipungue asilimia 30, itolewe baada ya ukaguzi. Weka kwenye makubaliano yenu kwamba siku zikizidi kwa uzembe wake, gharama ya gesti ya mpangaji inakatwa humo. Kwa mpangaji neno "fundi amenichelewesha" halina uzito, kwa sababu hakumwajiri yeye. Tunapendekeza pia kwamba siku zinazozidi tarehe mliyoandika, punguzo la kodi lihesabiwe mara moja na nusu. Hilo huwafanya watu waandike tarehe za kweli.

Kuna mbinu moja inayookoa fedha kuliko zote. Mpangaji mmoja akihama, usikipangishe chumba hicho mara moja. Kitengeneze kwanza, kisha kitumie kuwahamishia wengine kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Nyumba ya vyumba sita vya 45,000 itapoteza kodi ya chumba kimoja kwa mwezi au mwezi na nusu. Linganisha na wapangaji watano kulala gesti usiku nne nne kwa 15,000: hiyo ni 300,000. Na utahamisha vitu korido kwa korido, bila guta.

Wengine mtauliza: kodi yenyewe ndogo, nikilipa fidia nitabaki na nini? Fidia ni sehemu ya bei ya ukarabati, kama misumari. Ikiwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya saruji. Inakuwa kubwa pale tu inapokuja kwa kushtukiza.

Fungu la tatu, mali, halina hesabu ndefu. Siku moja kabla, mpangaji na mwenye nyumba wapite chumbani kwa simu, wapige picha televisheni, kabati, godoro, kila kitu kikiwa kizima. Vitu viwekwe katikati na kufunikwa nailoni nzito, vya thamani vitolewe na kufungiwa mahali ambapo ufunguo anao mpangaji. Kikiharibika kwa kazi, mwenye nyumba analipa bei ya kukitengeneza, au bei ya kitu kilichotumika cha aina hiyo. Mpangaji asidai bei ya dukani ya televisheni ya miaka sita. Vumbi la kusugua rangi ya zamani likusanywe likiwa bichi, lisifagiliwe likiwa kavu. Nyumba kuukuu huenda zina rangi yenye madini ya risasi, na mtoto anayetambaa ndiye anayeilamba. Penye mtoto mchanga, mjamzito au mwenye pumu, kazi ya rangi ya mafuta au dawa ya mchwa ihesabiwe kuwa chumba hakifai kulala usiku huo.

Makubaliano yenyewe hayahitaji karatasi nyingi. Sikilizeni mfano, na mtapewa nakala:

"Sisi, mwenye nyumba na mpangaji wa chumba namba mbili, tumekubaliana kwamba paa litatengenezwa kuanzia tarehe 7 Julai mpaka 10 Julai. Siku hizo nne kodi ya chumba haitahesabiwa ikiwa mpangaji atalala kwa ndugu, na tarehe ya kodi inayofuata inasogezwa mbele kwa siku nne. Mwenye nyumba anatoa shilingi 30,000 za nauli na chakula, zilizolipwa kwa simu tarehe 6 Julai. Uniti za umeme na maji ya kazi ni za mwenye nyumba. Mali iliyopigwa picha ikiharibika italipwa ndani ya siku 14. Siku zikizidi, kila siku itahesabiwa siku moja na nusu. Mpangaji atarudi chumbani kwa kodi ile ile mpaka muda aliolipia uishe."

Kisha saini mbili, na shahidi mmoja, mwenyekiti wa mtaa au jirani.

Sentensi ya mwisho ya mfano huo msiiache. Wapo wanaotumia ukarabati kumtoa mpangaji, nyumba ikishapakwa rangi kodi inapanda na mlango una mtu mwingine. Aliyelipia miezi sita na kukaa miwili ana miezi minne yake. Akikubali kuondoka kwa hiari, arudishiwe kodi ya miezi hiyo minne yote na gharama ya kuhama, siku ile ile anayokabidhi ufunguo. Asikabidhi ufunguo kwa ahadi.

Taarifa ya kazi kubwa itolewe siku 14 kabla, kwa maandishi au ujumbe wa simu. Kazi ndogo kama kubadili koki au swichi, siku moja au mbili, na hiyo haina fidia. Bomba likipasuka usiku, ingieni mkalitengeneze, hesabu mtaifanya kesho. Uharibifu alioufanya mpangaji mwenyewe, aliyeziba choo kwa nepi au kuunguza soketi kwa hita mbili, haumpi fidia, na wapangaji wenzake waliokosa choo kwa sababu hiyo bado wana haki yao kwa mwenye nyumba, ambaye atamdai mhusika.

Mpangaji, usijikatie kodi kimyakimya. Ukikata bila makubaliano, kwenye karatasi unaonekana umeshindwa kulipa, na hoja yako nzuri inageuka deni. Andika barua, taja tarehe, siku, kiasi, weka picha na risiti, mpe mwenye nyumba siku saba. Asipojibu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na usuluhishi ukishindikana shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa madai ya 38,800 hakuna anayefaidika kufika huko, na ndiyo maana tunang'ang'ania karatasi ya mwanzo.

Siku ya mwisho ya kazi, mwenye nyumba, mpangaji na fundi wasimame pamoja. Mwageni maji juu ya paa kwa ndoo, hasa kwenye kofia na kwenye misumari, mmoja akiwa darini na tochi. Vuteni maji ya choo mara tano mfululizo na kutazama chemba. Jaribuni kila soketi. Hesabuni siku zilizotumika kwa kweli, linganisheni na zilizoandikwa, mlipane tofauti hapo hapo, ndipo fundi apewe awamu yake ya mwisho.

Nakala za makubaliano zipo mezani kwa mtendaji, na kalamu zipo. Wenye kazi zinazoanza wiki hii waje mbele kwanza na mikataba yao, tukae nao tuijaze.